Jumba la Gavana Mkuu, na kwa nini linatuhusu sisi wa Fizi



Tarehe 24 januari 2019 wengi wetu tulikuwa mbele ya televisheni, ao tukisikiliza redio, wakati Félix Tshisekedi alikuwa anaapishwa. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, rais mmoja alikuwa anamwachia mwingine kiti bila risasi. Watu walijadili kura, wakajadili mkanda, wakajadili hata ile dakika ambayo rais mpya alikatisha hotuba kidogo kwa kukosa pumzi. Nyumba yenyewe ambamo mambo yale yalifanyikia, hakuna aliyeijadili.

Inaitwa Palais de la Nation, yaani Jumba la Taifa. Iko Gombe, Kinshasa, kando ya mto Kongo. Lakini haikujengwa kwa ajili ya taifa. Ilijengwa ili iwe makao rasmi ya Gavana Mkuu wa Kongo ya Wabelgiji. Mchoro ni wa Marcel Lambrichs, Mbelgiji, na ujenzi ulianza mwaka 1956. Tupige hesabu pamoja: kutoka 1956 mpaka 1960 ni miaka minne. Mtu anayejua kwamba atahama kisha miaka minne hajengi jumba la namna ile.

Mimi lisansi yangu ni ya kilimo. Kazi yangu ni mihogo, mahindi, karanga na mbegu. Historia ninaifuata kwa sababu ya kitu kimoja kinachonikutaka shambani. Ukifika kwa mkulima mzee ukiwa na mita mkononi upime shamba lake, swali la kwanza halihusu mbegu wala mbolea. Ni hili: "Mwana wangu, weye ni wa Leta?" Neno lenyewe ni la Kifaransa, l'État, wazee walilipokea kwa sikio. Kwao Leta si katiba wala bunge. Leta ni mtu anayekuja kuhesabu. Basi nikataka kujua: huyo mtu alitumwa na nani, na aliyemtuma alikuwa analala wapi?

Alianza kulala Boma. Mwaka 1885 mfalme Leopold wa Pili alipojitangazia nchi yetu kuwa mali yake, makao ya kwanza yalikuwa Vivi, karibu na Matadi. Mwaka uliofuata wakahamia Boma. Sababu yake ni nyepesi kabisa: meli kubwa za kutoka Ulaya zilikuwa zinaweza kupanda mto mpaka pale. Nyumba ya mtawala ilifuata meli, haikufuata watu. Camille Janssen, wa kwanza kuitwa Gavana Mkuu, na wote waliomfuata, walikuwa wanangojea barua kutoka Brussels, na barua ilikuwa inachukua wiki kadhaa baharini. Bwana mwenyewe, Leopold, hakukanyaga Kongo hata siku moja mpaka kufa kwake.

Mji wa Boma uligawanyika mara mbili. Chini, kando ya maji, kulikuwa maduka na magudani. Juu kwenye mlima kidogo, sehemu inayoitwa Plateau, kulikuwa ofisi, hospitali ya Wazungu, kanisa la vyuma lililoletwa vipande vipande kutoka Ubelgiji, na makao ya Gavana Mkuu. Upepo mzuri, mbu wachache, na unaona kila anayepanda. Kutoka pale mpaka Kilembwe, hata ukipita hewani kama ndege, ni zaidi ya kilomita 1,500. Leo hii motari wa pikipiki anayetoka kwetu kwenda Baraka wakati wa mvua anajua kilomita ni nini. Fikiri basi amri iliyosafiri mwendo ule kwa mguu, kwa mashua, kwa mgongo wa wapagazi.

Kuna jina moja la Boma ambalo linatuhusu karibu. Paul Costermans alikuwa makamu wa Gavana Mkuu, na mwaka 1905 ndiye aliyekuwa anashika nafasi ya Gavana pale. Mwaka ule Tume ya Uchunguzi ilikuwa imezunguka nchi ikisikiliza Wakongo wakieleza mambo ya kaucho: mateka, viboko, mikono iliyokatwa. Costermans alipopashwa habari ya yale ambayo tume iliyaona, baada ya muda mfupi alijiua, palepale Boma. Miaka ikapita, na mwaka 1927 Wabelgiji wakaupa mji wa Bukavu jina lake: Costermansville. Babu zetu walioenda Bukavu kutafuta kazi walibeba karatasi zenye jina la mtu yule mpaka katika miaka ya 1950, wakati jina la Bukavu liliporudi. Ninajiulizaka ni wangapi kati yetu tuliosomea Bukavu tumewahi kusikia habari zake. Mimi katika masomo yote sikuzisikia.

Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni ya nchi ya Ubelgiji. Ile sheria kubwa waliyoiita Charte coloniale ilimwachia Gavana Mkuu nguvu ya ajabu. Sheria za kawaida zilitungwa Brussels, sawa. Lakini kama jambo ni la haraka, Gavana alikuwa na haki ya kutoa ordonansi yenye nguvu ya sheria, itakayofanya kazi miezi sita hata kabla ya Brussels kuikubali. Hakuna kura, hakuna mshauri Mkongo. Mtu mmoja na kalamu yake.

Hapa ndipo mtu wa kilimo anapoamka. Tarehe 20 februari 1917, vita ya kwanza ya dunia ikiwa bado inaendelea, ilitoka ordonansi iliyoruhusu Leta kulazimisha wanakijiji kulima mimea ambayo Leta imechagua, mpaka siku 60 kwa mwaka. Makao yalikuwa bado Boma, Gavana Mkuu alikuwa Eugène Henry. Mkulima hakuulizwa. Administratera wa teritwari alikuwa anapokea orodha: kijiji hiki pamba, kijiji kile mpunga, kila mwanaume eneo lake lipimwe. Anayekataa, faini ao gereza, na gerezani kulikuwa chikoti. Mwaka 1942, katika vita ya pili, Gavana Mkuu akiwa Pierre Ryckmans, siku 60 zikapanda kuwa 120. Theluthi moja ya mwaka! Na siku zile hazikuwa za kiangazi wakati watu wamepumzika. Zilikuwa zinagongana na msimu wa mvua, msimu ambao mke na mume wanatafuta chakula cha nyumba yao.

Niseme jambo ambalo wenzangu wengine hawatalipenda. Si kila kitu katika amri zile kilikuwa kibaya kwa kilimo. Kulazimisha kila nyumba iwe na shamba la mihogo kama akiba ya njaa ni wazo ambalo hata leo ningelitetea. Vituo vya utafiti vya INEAC, vilivyoanzishwa 1933, vilifanya kazi ya maana, na kile cha Mulungu, karibu na Bukavu, bado tunakitegemea chini ya jina la INERA. Shida ilikuwa kwamba kalenda ilipangwa na mtu ambaye hakujua udongo wa mlima wetu ni tofauti na udongo wa Bonde la Ruzizi. Na pamba, tangu 1921, kila eneo lilipewa kampuni moja yenye haki ya kununua. Bei anapanga Leta, mnunuzi ni mmoja, kulima ni lazima. Mkulima atashinda wapi? Njo maana wazee wanatazama mita yangu vile wanavyoitazama. Mita ni ileile. Moniteri wa kilimo aliyekuja kwa baba yao aliibeba hivyohivyo.

Turudi kwa nyumba. Uamuzi wa kuhamisha makao kutoka Boma kwenda Léopoldville ulichukuliwa 1923, na uhamisho ukakamilika 1929. Safari hii makao yalifuata reli na mto: reli inatoka Matadi, inafika Léopoldville, na pale unaanza mto unaopitika mpaka Stanleyville, Kisangani ya leo. Wakuu wakakaa Kalina, ile ambayo leo ni Gombe. Kati ya Kalina na mitaa ya Weusi Wabelgiji waliacha eneo tupu, zone neutre, wakasema ni kwa ajili ya afya, ili mbu na magonjwa visivuke. Ndani ya utupu ule wakaweka uwanja wa golfu, bustani ya miti na bustani ya wanyama. Usiku, Mkongo hakuwa na ruhusa ya kutembea katika mji wa Wazungu kama hana karatasi. Mbu, nadhani, hakuulizwa karatasi.

Mwaka 1928 kukasimamishwa sanamu ya Leopold juu ya farasi. Bwana ambaye hakuja Kongo akiwa hai alifika kwa shaba.

Sasa tuingie 1956, mwaka ambao jumba letu lilianza kujengwa. Mwishoni mwa 1955 profesa mmoja Mbelgiji, Van Bilsen, alikuwa ametoa mpango wake wa kuipa Kongo uhuru kisha miaka 30. Kule Ubelgiji wakubwa walimkasirikia, wakaona ni mtu wa vurugu. Katikati ya 1956 Wakongo wasomi wa gazeti la Conscience africaine wakaandika manifesto yao wakiukubali mpango ule wa hatua kwa hatua. Baadaye mwaka uleule ABAKO ya Kasa-Vubu ikajibu: miaka 30 ya nini, tunataka sasa. Wakati maneno hayo yanachapwa, mafundi walikuwa wanachimba misingi ya jumba la Gavana Mkuu. Kwangu mimi misingi ile inaeleza mawazo ya Wabelgiji kuliko hotuba zao. Mdomo ulikuwa unasema "maendeleo ya pole pole", na saruji ilikuwa inasema "tuko hapa".

Kisha mambo yakakimbia. Januari 1959 Léopoldville ikawaka. Januari 1960 Meza ya Duara, Brussels. Mei 1960 uchaguzi. Gavana Mkuu wa mwisho, Hendrik Cornelis, akajikuta anaongoza nchi yenye tarehe ya kuisha. Na ghafla kukazuka swali ambalo hakuna aliyelitayarishia jibu: wabunge wa Kongo watakaa wapi? Wabelgiji walifikiria chuo kikuu cha Lovanium, kule mlimani, mbali na mji. Wanasiasa Wakongo wakakataa. Bunge la taifa haliwezi kujificha katika madarasa nje ya mji! Wakalitaka lile jumba jipya la Gavana Mkuu, na wakalipata. Juni 1960 kamara mbili zilikutana mle ndani, zikaipa imani serikali ya Patrice Lumumba na kumchagua Joseph Kasa-Vubu kuwa rais.

Kwa maoni yangu hapa ndipo uhuru wetu ulipoanza kushikika kwa mkono, siku kadhaa kabla ya tarehe 30. Karatasi ilikuwa bado haijatiwa sahihi, lakini wana wa wapagazi walikuwa wameshakaa katika nyumba ya mtoa ordonansi.

Ya tarehe 30 juni mnayajua, nitapita haraka. Mfalme Baudouin alisifu kazi ya Leopold. Kasa-Vubu akazungumza kwa adabu. Lumumba, ambaye hakuwa kwenye programu, akasimama na kuhesabu mateso moja moja. Wengi tunakumbuka maneno yake juu ya mapigo na matusi. Lakini kuna kipande ambacho tunakisahau: alikumbusha pia nyumba, jinsi Wazungu walivyokuwa na majumba ya fahari katika miji wakati Weusi wanalala katika vibanda vinavyobomoka. Alikuwa anayasema hayo wapi? Ndani ya jumba lenye fahari kuliko yote.

Furaha ilidumu wiki chache. Tarehe 5 septemba Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Lumumba. Lumumba akaenda kujieleza mbele ya kamara katika jumba lile, na wabunge wakafuta mafukuzano ya pande zote mbili. Tarehe 14 kanali Mobutu akasema anawasimamisha wanasiasa wote, na askari wakawafungia wabunge mlango. Januari 1961 Lumumba akauawa Katanga. Bunge lilipokutana tena, katikati ya 1961, lilikutana wapi? Lovanium! Wabunge walifungiwa kule mlimani chini ya ulinzi wa ONU mpaka wakaikubali serikali ya Cyrille Adoula, tarehe 2 agosti. Palepale walipopakataa mwaka mmoja nyuma.

Na mwisho wa yote wabunge waliondolewa kabisa katika jumba. Mobutu, kisha kuchukua nchi novemba 1965, hakupenda nyumba ambamo watu wengi wana haki ya kusema. Wachina walijenga Palais du Peuple, ikaisha 1979, na bunge likakaa huko mpaka leo. Jumba la Gavana likarudi kuwa la mtu mmoja, rais. Ukiangalia vizuri utaona kwamba lilikuwa mali ya wachaguliwa wetu kwa muda mfupi sana, kisha likarudia kazi ambayo Lambrichs alilichorea.

Ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa wana hadithi inayofanana, nusu yake. Wengi wa Fizi waliokimbilia Nyarugusu wanajua neno Ikulu, na Waswahili wengi wanafikiri ni neno la siku nyingi la pwani. Kumbe limetoka bara, kwa Wasukuma na Wanyamwezi: ni makao ya mtemi. Ikulu ya Dar es Salaam ilikuwa nyumba ya gavana Mjerumani; Waingereza waliipiga mizinga 1914, wakaijenga upya 1922 juu ya misingi ileile, gavana wao akaingia. Uhuru ulipokuja Nyerere aliirithi, lakini baadaye alichagua kuishi katika nyumba yake Msasani. Wao angalau waliipa nyumba ile jina kutoka lugha ya wenyeji. Sisi hata jina limebaki Kifaransa.

Sasa Fizi. Mwaka 1967, wakati uasi wa Simba ulikuwa umeshavunjwa na Che Guevara ameshavuka ziwa miaka miwili nyuma, Laurent-Désiré Kabila aliunda PRP katika milima yetu, na eneo lao likaitwa Hewa Bora. Wazee waliokuwa upande ule wanasimulia mambo mawili pamoja, na ninawaamini kwa yote mawili. Kulikuwa na shule, mashamba ya pamoja na nidhamu. Kulikuwa pia na dhahabu na pembe zilizouzwa ng'ambo, na michango ambayo mwanakijiji hakuwa na njia ya kuikataa. Mtu yule wa milima yetu aliingia Kinshasa mei 1997. Mwaka uliofuata vita vya pili vilianza, na wakati yeye akitawala kutoka Gombe, Fizi ilikuwa inaungua. Makobola hakuna anayehitaji nimweleze. Tarehe 16 januari 2001 akapigwa risasi katika nyumba nyingine, Palais de Marbre, kule Ngaliema. Wiki moja baadaye alizikwa mbele ya Palais de la Nation.

Sanamu ya Leopold nayo ilikuwa imesimama mbele ya jumba hilo, mpaka Mobutu alipoiondoa katika miaka ya 1960. Februari 2005 waziri mmoja aliirudisha mjini, akasema historia isifutwe; ikakaa masaa machache tu, ikaondolewa tena. Leo farasi yule yuko Mont Ngaliema, katika bustani ya makumbusho, pamoja na masanamu mengine ya wakati wa koloni.

Kwa hiyo ukienda Kinshasa siku moja, na ukabahatika kufika pale tarehe 16 januari, ambayo ni siku ya mapumziko, utakuta wakubwa na watu wa kawaida wanaweka maua kwenye kaburi la mtu aliyelala miaka mingi katika mapori ya Fizi. Nyuma yake utaliona jumba. Simu uiache mfukoni, askari hawapendi picha.